Siku Saba za Upepo

Ratiba iliingia kwenye simu nikiwa nimepiga magoti juu ya turubai la lori la miwa, sindano kubwa nimeibana kwa meno, na kwa kuwa sikuweza kusema neno nikaisoma kimya mpaka mwisho. Ilikuwa ya siku saba. Mdogo wangu, kitinda mimba wa mama, anafanya kazi Diani, anafundisha watalii kuteleza juu ya bahari wakiwa na ubao miguuni na tiara kubwa inayowavuta kutoka hewani. Sasa alikuwa analeta wageni wanne kwetu. Si hapa Migori ninaposhonea. Kwetu hasa, kisiwani, ziwani ng'ambo ya Mbita, tulikozaliwa.

Siku ya kwanza ni kuwasili, kupumzika na samaki wa kuchoma. Ya pili ni kuonja upepo. Ya tatu ni kuzunguka kisiwa kwa boti na kuona ndege. Ziko hivyo mpaka ya saba. Juu kabisa alikuwa ameandika kwamba hiki ni kisiwa cha joto la mwaka mzima, chenye mchanga mweupe, ambacho dunia bado haijakigundua. Nikatema sindano. Mimi nimezaliwa pale, mama yangu amezikwa pale, na kila siku ya Mungu kuna watu pale wanagombania omena, dagaa wa ziwa letu. Sijui ni dunia gani hiyo inayosubiriwa ije itugundue.

Nikaisoma mara ya pili, nikitafuta jambo moja tu. Asubuhi, mchana na jioni za siku saba, na hakuna mahali palipoandikwa kaburi la mama. Kaburi lenyewe halifiki hatua mia kutoka kwenye mchanga anaoutaka.

Ni miaka miwili sasa tangu mama atutoke, na mdogo wangu hakuja kumzika. Nilimpigia simu siku ile ile, nikamwambia hali ya mama si nzuri, aje nyumbani. Unajua alinijibu nini? Alisema nimnunulie mama machungwa, nimwambie anakuja msimu wa upepo ukiisha. Machungwa. Hadithi hiyo nimeisimulia kwa kila aliyeketi kwenye benchi la duka langu: madereva wa malori ya Awendo, wachimbaji wa dhahabu wa Osiri wanaokuja kununua maturubai ya kuzibia mashimo yao mvua isiingie, akina mama wanaokodi hema za matanga. Nikifika kwenye machungwa wote hutikisa kichwa, nami hujisikia nimepata haki yangu kwa siku hiyo.

Kwetu, mtoto aliyekosa mazishi ya mzazi wake hashuki kisiwani kama mtu anayekwenda sokoni. Anaanza kulia pale pale anapotia mguu majini, analia njia nzima mpaka kaburini, na watu wanatoka majumbani kumpokea na kulia naye. Kabla hajafanya hivyo hali chakula cha mtu wala halali kitanda cha mtu. Na huyu wangu anapanga kushuka na Wazungu wanne, miwani ya jua usoni, aanze na samaki wa kuchoma.

Nikamjibu neno moja, sawa. Nilitaka afike. Nilijiambia akishafika nitamshika sikio, mtu mzima vile vile, nimburute mpaka kaburini mbele ya wageni wake, na wakitaka kupiga picha wapige.

Wiki iliyofuata basi likaniletea mzigo wake: tiara mbili zilizochanika, nizishone kabla hajaja. Nilizitandaza sakafuni duka zima likajaa. Mimi nimezoea nguo nzito, turubai ambalo ukilikunja linakukunja na wewe. Ile ni nyepesi mno, inachakarisha kama karatasi ya mkate, na ukingoni ina mirija inayojazwa hewa kwa pampu ili tiara ikianguka majini isizame. Sindano yangu ya kawaida iliitoboa matundu makubwa kuliko mchaniko wenyewe. Ikabidi ninunue sindano nyembamba na uzi wa nailoni, nishone polepole kama anayeshona nguo ya mtoto mchanga. Nilitukana kwa Kiluo mshono mzima. Lakini nilishona vizuri. Kazi mbaya siijui, hata kwa mtu niliyemkasirikia.

Alikuwa akipiga simu kila jioni kuniongezea maagizo, na ananiongelesha Kiswahili. Sisi, watoto wa tumbo moja, Kiswahili, tena kile cha Pwani cha "dada yangu, nakuomba sana." Niliposema naye Kiluo alinijibu kwa Kiswahili. Nikaona basi, mtu akishaacha kuzika mama yake ataacha na lugha yake. Alitaka boti yenye injini ya kukaa majini muda wote, mgeni akiangushwa mbali afuatwe. Alitaka jaketi za kuokolea. Alitaka nijue wavuvi wanatega nyavu upande gani, maana kamba za tiara ni ndefu kuliko nyumba mbili zikipangwa, na zikinaswa na wavu mtu anaweza kufa. Viboko je? Magugu maji yamefika wapi? Kwa mambo ya kumlinda mgeni alikuwa makini kuliko mganga. Nilimsikiliza nikiwaza kwamba mama hakupata hata nusu ya umakini huo.

Lakini kilichonichoma zaidi kilikuwa kwenye ratiba yenyewe, siku ya pili, mstari mdogo ambao nilikuwa nimeuruka. Aliandika kwamba asubuhi upepo wa pale hutoka nchi kavu na ni hatari kwa sababu unampeleka mtu katikati ya ziwa, kwa hiyo wageni wasubiri. "Upepo umegeuka ukisikia harufu ya omena imeingia ndani ya nyumba."

Hayo ni maneno ya mama. Alikuwa na wavu wake wa kuanikia pale ufukweni, na tulipokuwa wadogo alikuwa akituambia hivyo hivyo: harufu ikiingia ndani, upepo umegeuka, kimbieni mkageuze omena. Sasa mwanawe anawauzia watalii, na jina la mama hakuliweka. Siku hiyo sikupokea simu yake.

Nikafunga duka nikaenda kupanga mambo mwenyewe. Homa Bay nilishinda kutwa. Jaketi nilipata za kukodi, zinanuka petroli, nikazikubali. Kisha mtu akaniambia wageni wakija kurukaruka ziwani lazima kuna ofisi inapaswa kujua, nikaingia ofisi moja, kijana wa nyuma ya meza akaniuliza hiyo kitu ni chombo cha maji ama ni ya hewani. Nikamwambia ni tiara. Akasema, "Mama, tiara ni ya watoto. Hawa ni watu wazima, sasa mimi niandike nini hapa?" Nikamwambia aandike watu wazima wanaocheza. Aliandika kweli, akaniambia nirudi Alhamisi. Nilitoka nikicheka na hasira ikiwa pale pale, na kucheka kwa namna hiyo kunaumiza mbavu.

Asubuhi ya pili nikapanda boti Mbita. Mwenyekiti wa kamati ya ufuo hakunisumbua, alitaka tu kujua kama wageni watakula samaki wengi. Akasema upande wake ni ruhusa, ila mchanga ule si wake. Mchanga ni wa wanawake. Hilo nililijua. Kila mwanamke wa omena ana mahali pake pa kutandaza wavu, alipoachiwa na mama mkwe wake au na shangazi, na hakuna mstari uliochorwa lakini ukikosea kwa hatua moja utaambiwa. Tiara haiwezi kuinuliwa mahali penye nyavu chini na wanawake wameinama. Kamba zile zikimpitia mtu shingoni ni kisu. Kwa hiyo kutoka mchana mpaka jioni, kwa siku zile, nyavu zingepaswa kukunjwa.

Nikaenda kwa aliyekuwa mwenzake mama, mwanamke ambaye wavu wake na wa mama zilikuwa zimegusana miaka yote. Ndiye mkubwa wao sasa. Alikuwa akitandaza omena kwa ufagio, na hakuacha. Nikamweleza yote, nikimsaidia upande wa pili. Nikamwonyesha picha ya tiara kwenye simu. Akaiangalia kwa muda, akauliza kama nguo hiyo inakauka haraka. Kisha akauliza kama anayeleta wageni ni yule mtoto aliyekosa mazishi.

Nikasema ndiye. Akasema nyavu watazikunja, hilo si jambo kubwa, siku saba si mwaka. Lakini ashuke peke yake kwanza. Aje alie kwa mama yake, wao wampokee, wamlize, wampe chakula. Wageni waje nyuma yake hata kesho yake. Kama atashuka na wageni kwanza, hakuna mwanamke atakayekunja wavu, na hiyo tiara ataifunga kwenye miti.

Nikafurahi. Nasema ukweli, nilifurahi kwa ubaya. Nikaona nimepata jeshi. Nikaanza kumsimulia machungwa, ingawa alikuwa ameyasikia matangani. Hakutikisa kichwa. Aliegemea ufagio wake akaniuliza mimi nilimwambia mtoto nini.

"Nilimwambia mama amelazwa," nikasema. "Ni baba mdogo alisema nimwambie hivyo."

Ni kweli, alisema. Mama alikata roho asubuhi, na baba mdogo, ambaye ndiye mkubwa wa boma tangu baba afe, akasimama kando yangu nikiwa na simu mkononi. Akanikumbusha kwamba mtu aliye mbali hapewi msiba kwa simu. Ataanguka, atagongwa na gari, mtazika wawili. Anaambiwa kuna mgonjwa, anasafiri, na habari anaipatia langoni mikononi mwa watu. Ndivyo tulivyofanya tangu kuwe na simu, na kabla ya hapo tulifanya hivyo kwa barua. Waswahili husema mficha maradhi kifo humuumbua. Sisi tulikuwa na kifo mkononi tukakifunika kwa maradhi.

Mwenzake mama akainamia omena zake tena. Akasema hivi, bila kuinua sauti:

"Basi alituma machungwa kwa mtu aliyelazwa. Wewe ungetuma nini?"

Nikakasirika upya, safari hii na yeye. Nikamwambia mtu mwenye akili akiambiwa mama amelazwa anakuja. Akasema ndiyo, anakuja. Akanitoa omena miguuni kwa ufagio kwa sababu nilikuwa nimezikanyaga.

Nikapanda nyumbani. Boma limetulia, kaburi limeota nyasi za pembeni ambazo nilizing'oa kwa mikono nikiwa nimevaa nguo nzuri. Baba mdogo alikuwa ameketi kwenye kivuli cha ukuta. Nilipomwambia kijana anataka kuja akasema huyo alishapotea, mtoto gani anakosa kumzika mama yake. Alisema kwa utulivu kabisa, mtu aliyesimama kando yangu siku ile akihesabu maneno yangu. Nikamtazama nikaona mdomo wangu mwenyewe. Ndivyo ninavyosema na mimi dukani, kwa sauti hiyo hiyo.

Nikaingia nyumbani kwa mama, nikafunga mlango, nikampigia.

Sikumsalimia. Nilimwambia masharti ya wanawake, nikamwambia ratiba yake ni ya aibu, nikamwambia ameuza maneno ya mama kwa watu wasiomjua. Nikamuuliza ni mtoto wa aina gani anayepanga siku saba hatua mia kutoka kaburini kwa mama yake asilitaje. Nilikuwa nimebeba maneno hayo kwa miaka miwili na yalitoka yote, hata yale ambayo nilikuwa nimeyawekea wengine. Mwisho nikamalizia na machungwa. Nikamwambia, mama anakufa wewe unasema machungwa.

Aliniacha nimalize.

"Dada, nilikuuliza," akasema. "Nilikuuliza kama anakula. Ukaniambia anakula kidogo."

Nilikaa kwenye kitanda cha mama.

Maana ni kweli aliniuliza. Na hii ndiyo sehemu ambayo benchi la dukani halijawahi kuisikia. Aliniuliza, baba mdogo akiwa amenikazia macho, mama akiwa chumba cha pili amefunikwa shuka, nami nikasema anakula kidogo. Akauliza kidogo nini. Nikasema matunda. Ndipo akasema nimnunulie machungwa, kwa sababu mama aliyapenda. Na kesho yake alipiga asubuhi, akapiga mchana, sikupokea. Ningemwambia amekula nini tena? Nilikuwa na hasira naye tayari, kwamba hajapanda basi, kwamba hajaelewa. Kanisa la mama halitaki maiti ikae, siku ya nne tukazika. Binamu mmoja akaweka picha za jeneza mtandaoni asubuhi ile ya mazishi, na mdogo wangu akaziona akiwa mchangani Diani, amemshikia mgeni tiara. Hilo aliniambia sasa. Alisema hakuweza kuiachia ile tiara kwa sababu mgeni alikuwa amefungwa upande wa pili. Akasimama nayo mpaka mtu akaja kumpokea.

Nikamuuliza kwa nini basi hakuja baada ya pale. Nilitaka bado kuwe na kosa lake mahali.

Akasema alijaribu mara mbili. Mara ya pili alifika Mbita, akaona boti ya kwetu inapakia, akaona watu anaowafahamu, akarudi. Alisema angeshukaje, aanze kulia mbele ya watu wanaosema alikataa kuja, wakati yeye ndiye aliyefichwa? Alie kwa niaba ya nani? Ndipo akafikiria wageni. Akishuka na wageni, mizigo na kelele, watu watamwona ni mtu wa kazi, hakuna atakayemngoja alie. Angetafuta saa moja wageni wakiwa wamelala mchana akaenda kaburini peke yake. Hakuiandika kwenye ratiba kwa sababu ratiba ilikuwa ya wageni. Ile ya harufu ya omena aliiandika kwa sababu hajui njia nyingine ya kujua upepo wa pale. Simu yake haiuoni.

Nilikasirika. Si kwamba hasira iliisha, niseme uongo wa nini, nimeshasema wa kutosha. Nilimkasirikia baba mdogo pale nje kivulini. Niliikasirikia ile desturi inayomwogopea mtu asianguke barabarani kisha inamwangusha miaka miwili. Zaidi ya yote nilijikasirikia mimi, mwanamke wa mdomo mkali, anayemjibu kila mtu Migori, ambaye siku moja aliyotakiwa kufungua mdomo alisema matunda.

Nje wanawake walikuwa wakiitana ufukweni. Harufu ya omena ikaingia kwa dirisha, ikajaa chumba kizima. Nadhani na yeye aliwasikia kwenye simu, maana aliniita kwa Kiluo, nyamera, dada yangu, kama alivyokuwa akiniita kabla hajaenda Pwani. Akauliza kama upepo umegeuka. Nikasema umegeuka.

Halafu nikasimama. Baba mdogo alikuwa amesogea mlangoni, nafikiri alisikia kelele zangu, na akanionyesha kwa mkono kwamba nishushe sauti. Sikushusha. Nikamwambia mdogo wangu kwa lugha yetu, maneno yaliyokuwa yanamsubiri tangu asubuhi ile mama alipokata roho:

"Mama otho. Bi dala."

Mama amekufa. Njoo nyumbani.

Alilia kule Diani kama habari imemfika wakati ule, na kwa kweli ndiyo kwanza ilikuwa imemfika, hakuna mtu aliyewahi kumwambia. Nilimshikia simu. Sikumwambia anyamaze, na baba mdogo aliponyoosha mkono aichukue nikampa mgongo. Ilichukua muda mrefu. Alipoweza kusema aliniuliza swali moja tu, basi la kwanza la kuja huku linaondoka Mombasa saa ngapi.